Kuku Apewe Chicha

Saleha alinipa wiki mbili.

Alikuwa amekaa barazani kwake, Ngamiani, barabara ya kumi na tatu, anapeta mchele kwenye ungo. Mimi nimesimama juani na begi langu begani. Miaka arobaini na mitatu sikuwa nimekanyaga pale. Nikapiga hodi, akainua macho, akanitazama kuanzia kofia mpaka ndala, kisha akarudi kwenye mchele wake.

"Laurenti," akasema. "Sahani yako ilioza."

Hiyo ndiyo salamu niliyopewa. Wala sikuuliza sahani gani.

Mimi ni mtoto wa kambi ya mkonge. Baba alitoka Songea kuja kukata mkonge upande wa Pongwe, nami nikazaliwa kambini, nikabatizwa kambini. Shule nilisoma vipande vipande: darasa la kwanza na la pili Pongwe, la tatu Muheza, la nne sikumbuki kama nilisoma, la tano Korogwe, na la sita sikulimaliza mahali popote. Nilipopata kibarua bandarini Tanga nikapanga chumba cha uani kwa Bi Mwanasiti, mama yake Saleha, mjane mfupi mwenye sauti ya kumtosha mtu mrefu. Nilikaa humo miaka saba. Maisha yangu yote hakuna mlango mwingine niliofungua kwa ufunguo mmoja miaka saba.

Watu wa pwani wana siku yao ya kuvunja jungu. Mwezi wa Shaabani ukiwa unaishia, kabla Ramadhani haijaandama, kila nyumba inapika kile inachokipenda, watu washibe kabla ya kufunga. Mimi ni Mkatoliki, lakini siku ya kuvunja jungu hakuna aliyeniuliza cheti cha ubatizo. Kwa Bi Mwanasiti siku hiyo ilikuwa ya kuku wa kukaanga. Akishaswali adhuhuri anajifungia jikoni, mlango kaukomea kwa ndani, na sisi huku uani tunasikia mafuta yananguruma na tunapiga chafya kwa pilipili. Akifungua, anatoka na sinia. Kuku mwekundu wa kahawia, ganda lake limesimama nundu nundu, na ukiliuma linalia. Hatibu, jirani yetu fundi baiskeli, alikuwa akisema mtu akila kuku wa Bi Mwanasiti barabara ya kumi na tatu, wa barabara ya kumi na nne anasikia. Ndani nyama laini, na maji yake bado yamo. Na ile pilipili haikupigi mdomoni. Inangoja umemeza, ndipo inakuita kwa jina.

Mwaka mmoja, ule wa foleni za sukari, siku hiyohiyo ya kuvunja jungu, nikasikia kuna lori linaondoka saa nane kwenda Mkwaja, huko kambi ya ng'ombe inatafuta mpishi. Sikuwa na shida yoyote. Kazi nilikuwa nayo, chumba nilikuwa nacho. Miguu tu ndiyo iliyoniwasha. Nikachukua begi, nikapita mbele ya mlango wa jikoni uliokomewa, nikasikia mafuta yananguruma, nikaenda zangu bila kusema neno. Bi Mwanasiti akaniwekea sehemu yangu sahanini, akaifunika kwa kawa, akamkataza kila mtu asiiguse. "Lau atarudi," akawaambia. Siku ya tatu Saleha akaitupa.

Haya aliniambia palepale barazani, mikono haijaacha kupeta.

"Mama alinisamehe," nikasema. "Aliniandikia barua."

"Najua. Mwandiko ule ni wangu. Umetaka nini?"

"Chumba cha uani, Saleha. Nina miaka sabini na miwili. Nimelala Mkwaja, nimelala Lindi, Tunduru, Mererani, Kigoma, nimelala hadi kwenye behewa la mizigo. Sasa nataka kulala mahali pamoja mpaka mwisho."

"Chumba kipo, ila mwanangu Sabiri ameshamwahidi mwalimu mmoja. Na mwalimu ana sifa moja weye huna. Akilala jioni, asubuhi yupo."

Nikahamishia begi bega la pili. Akaweka ungo chini.

"Ile barua unayo bado?"

Nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeikunja ndani ya kopo la tumbaku, kopo ndani ya mfuko wa nailoni. Aliifungua taratibu, ikawa inaachana kwenye mikunjo. Aliisoma muda mrefu kuliko urefu wa barua yenyewe.

"Mie sikujifunza, unajua?" akasema. "Nilikwenda kusomea ukarani, nikaolewa Chumbageni, nikawa nakuja kula tu. Kila mwaka nasema mwakani nitaingia naye jikoni. Mama akafa. Nikajaribu peke yangu mara nne tano, nikaacha. Wanangu wakiniuliza bibi alikuwa akipika nini siku ya kuvunja jungu, nawasimulia. Nawalisha maneno."

Akanirudishia karatasi.

"Kuvunja jungu kumebaki wiki mbili. Sabiri anakuja kutoka Dar. Nipe kuku wa mama, yuleyule, nami nitamwambia Sabiri amtafutie mwalimu wake kwingine. Ukishindwa, begi lako usilifungue."

Barua yenyewe ni karatasi ya daftari. Niliipokea Mererani, nikiwa nawapikia wachimbaji, baada ya mimi kuandika kuomba radhi na kuomba siri ya kuku. Mwaka uliofuata Bi Mwanasiti akafariki, na mimi sikupata habari mpaka miaka mitatu baadaye. Imeandikwa hivi, naijua kwa moyo:

*Mwanangu Laurenti. Sisi huku wazima, wasiwasi wetu ni wewe. Habari ya kuku ni hii. Kata vipande kumi na viwili. Tia chumvi na ndimu, uache saa nzima. Ponda tangawizi, kitunguu saumu, bizari nyembamba na pilipili kichaa, tia. Chovya katika tui zito. Tia unga wa muhogo. Mafuta yawe mengi, na moto usiwe wa haraka. Ukishindwa, njoo nikuonyeshe.*

Halafu pembeni, kwenye ukingo wa karatasi, mstari mmoja umesimama wima, umeandikwa mbiombio:

*Mama anasema usisahau, kuku apewe chicha kavu mpaka ashibe.*

Chicha ni yale makapi ya nazi yanayobaki ukishakamua tui. Pwani yote inajua kazi yake: unaitupa uani, kuku wanakuja mbio. Kwa hiyo nilielewa. Siri iko kwenye malisho. Kuku akila chicha, nyama yake inapata mafuta fulani, na yale mafuta ndiyo yanayolisimamisha ganda. Nilijiona mjuzi.

Sasa Mererani mnazi hakuna hata wa dawa. Niliwaagiza makondakta wa mabasi ya Tanga waniletee nazi, nikazikuna, nikakamua, nikakausha chicha, nikampa jogoo mmoja wiki nzima. Wachimbaji walinicheka mpaka wakakaa chini. "Kuku wa Laurenti anakula nazi, sisi tunakula maharage!" Nikamkaanga. Ganda likavuka. Likabaki karaini lote. Nikasema labda kuku wa bara hawajui kula chicha. Lindi, ambako minazi ni mingi kuliko watu, nikafuga kuku saba kwa chicha tupu. Ganda likavuka. Nikasema labda ni maji ya Lindi. Kigoma nikabadilisha unga. Tunduru nikabadilisha mafuta. Kote huko natafuta kosa, na kote nimehakikisha kwanza kwamba kuku ameshiba.

Basi, nikiwa nimepewa chumba cha uani kwa masharti, na begi limesimama karibu na mlango likiwa limefungwa, nikatafuta mapora matatu, majogoo vijana wa kienyeji ambao nyama yao haijawa kamba. Saleha kila siku anapika na nazi, chicha ikawa haikosekani. Naianika kwenye ungo juu ya bati la banda mpaka inakauka kama pumba, kisha nawapa. Mapora yakawa yananiona tu yanakimbia kunipokea. Hakuna mtu aliyewahi kunipokea vile.

Hatibu naye yupo bado, ng'ambo ya barabara, mzee kama mimi, anaziba pancha na kusema watu. Kila asubuhi anavuka kuja kukagua.

"Yakhe, hao kuku unawafuga au umewaweka ndani kama wari? Harusi lini?"

"Siku ya kuvunja jungu."

"Na bwana harusi nani? Karai?"

"Wewe cheka. Siku hiyo utakuja na sahani."

"Nitakuja na kisu. Weye Laurenti huchinji humu."

Hilo ni kweli wala halina ugomvi. Katika nyumba ile kuku anachinjwa na Hatibu, ndivyo ilivyokuwa hata zamani. Siku ya nane nikamwita amchinje pora mmoja, nijaribu kabla ya siku yenyewe. Nikafuata barua neno kwa neno. Nilipotia vipande mafutani, vikaanza vizuri, vikapata rangi. Nilipogeuza cha kwanza, ganda likabaki chini ya karai na kuku akatoka mtupu.

Hatibu alikuwa amesimama mlangoni.

"Huyo kavua kanzu aingie kuogelea," akasema.

Saleha akachukua kipaja, akauma, akatafuna kwa haki. Alitaka kiwe kizuri, nilimwona. Akameza.

"Si kibaya. Lakini hiki ni cha Laurenti. Cha mama kilikuwa kinalia."

Kesho yake niliamka alfajiri na miguu inawasha. Ni saa ile mabasi yanapoanza kupiga honi stendi, na mimi kwa miaka yote hiyo nimekuwa nikiisikia kama mtu anayeitwa. Nilikaa kitandani na begi magotini. Nikasema, mwalimu ahamie, mimi niende hata Pangani. Nikatoka nalo hadi uani. Saleha alikuwa anachukua udhu bombani. Hakugeuka.

"Mlango haujakomewa," akasema. "Hata ule mwaka haukuwa umekomewa. Uliokomewa ni wa jikoni tu."

Nikalirudisha begi ndani. Nikaenda kuwapa mapora mawili yaliyobaki chicha yao.

Siku ikafika. Hatibu alichinja saa tatu asubuhi, akaondoka na maneno mengi. Nikanyonyoa, nikasafisha, nikakata vipande, nikavipanga kwenye sinia mezani, jikoni mlemle mwa Bi Mwanasiti, ambamo masizi ya darani nadhani ni yaleyale. Mlango tuliuacha wazi kwa joto. Saleha akaja na mbuzi yake ya nazi, akaikalia karibu na mlango, akaanza kukuna. Alisema hatanisaidia kupika, ila macho yake hayawezi kukaa bure.

"Mpe chumvi kwanza," akasema. "Sivyo hivyo, huyo ni kuku si mgonjwa. Mpe na huku ndani ya mapaja. Haya. Sasa mpe ndimu."

Mkono wangu ukasimama hewani na nusu ya ndimu.

"Umesemaje?"

"Mpe ndimu. Masikio nayo yamechoka kutembea?"

"Nimpe nani?"

"Kuku! Kwani hapo mezani kuna nani mwingine?"

"Saleha. Huyu kuku kafa. Hatibu kamchinja saa tatu. Anapewaje ndimu?"

"Ah! Si ndivyo tunavyosema humu? Mama siku zote alikuwa akisema hivyo. Mpe samaki chumvi, mpe mchuzi ndimu, mpe kuku..."

Akaacha kukuna. Kifuu kikabaki kimesimama juu ya meno ya mbuzi. Aligeuka taratibu akatazama nje, juu ya bati la banda, kule kwenye ungo wangu wa chicha. Mimi pia nikatazama.

"Lete barua," akasema.

Aliisoma amesimama mlangoni penye mwanga, kidole kinapita chini ya kila mstari. Kikasimama.

"Hapa mama hakusema 'tia chumvi'," akasema. "Mama hajasema 'tia' maisha yake yote. Alikaa pale kwenye kibao akanitajia: mpe chumvi, mpe ndimu, mpe viungo, mpe unga. Mie ndiye niliyemsahihisha. Nilikuwa na cheti changu cha ukarani, Kiswahili changu kimepigwa pasi. Niliona haya barua ya mama ikasomwe huko bara, watu waseme huyu bibi anampa kuku mfu ndimu. Nikaandika tia, tia, tia."

"Na huu wa pembeni?"

"Huu nilikuwa nimeshamaliza, natafuta bahasha. Akanipigia kelele kutoka uani, 'Mwambie asisahau, kuku apewe chicha kavu mpaka ashibe!' Nikauandika kama ulivyotoka kinywani mwake. Sikupata nafasi ya kuuharibu."

"Na wewe hukuelewa."

"Nilielewa kama weye! Kuku na chicha, kuna maana gani nyingine? Nikasema mama sasa anazeeka, anamfundisha mtu mzima kulisha kuku." Akacheka, kicheko kikakatika katikati, akajifuta macho kwa upindo wa kanga. "Pilipili hii," akasema.

Pilipili nilikuwa bado sijaiponda.

Nikafikiri jogoo wa Mererani aliyekula nazi ya kusafirishwa. Nikafikiri wale saba wa Lindi. Miaka thelathini na zaidi nilikuwa nikiwalisha kuku siri yenyewe, kisha nawakaanga bila hiyo siri.

"Lakini tungeonja nazi," nikasema. "Miaka yote ile tuliila, tusijue?"

"Nazi gani utaijua katika nyumba hii? Wali wa nazi, mchicha wa nazi, samaki wa nazi, na kuku mwenyewe anakaangwa kwa mafuta ya nazi. Tulidhani ni mafuta. Kalete huo ungo, unanisimamia nini?"

Nikaushusha ungo. Chicha ya mapora ilikuwa imebaki bakuli mbili nzima, kavu, safi. Tukaitia kwenye kikaango kitupu juu ya moto mdogo, naigeuza bila kuacha, mpaka ikawa rangi ya mchanga wa Raskazone na harufu ikajaa jiko zima. Tukaitwanga kinuni na pilipili kavu na chumvi, isiwe unga, iwe chenga. Tukaichanganya na unga wa muhogo. Vipande vilikuwa vimeshakaa saa nzima na ndimu na viungo. Nikachovya cha kwanza kwenye tui zito, nikakilaza kwenye chicha, nikabana kwa kiganja, nikageuza, nikabana.

"Kashiba?" nikauliza.

Saleha akainama akatazama. "Bado. Mpe tena."

Hapo ndipo tulipovamiwa. Kuku wa majirani, sijui walitoka nyumba ngapi, waliingia jikoni kwa mlango ulio wazi, kumi, kumi na watano, mmoja yuko juu ya kinu, wawili wanaingia sinia la chicha, jogoo la Hatibu linapanda mezani juu ya wenzake waliokufa bila hata haya. Saleha anapiga kanga huku na huku, mimi natupa ndala, tui linamwagika. Tulipowatoa wote, Saleha akaufunga mlango kwa kishindo, akasukuma komeo, akauegemea kwa mgongo, anahema.

Tukatazamana.

"Ndiyo maana alikuwa anafunga mlango," nikasema.

"Miaka yote," akasema Saleha, "sisi tunasema mama ana siri, hataki kuangaliwa mkono. Kumbe kuku!"

Tulicheka mpaka ikabidi nikae juu ya mbuzi ya nazi. Mtu akifika umri wetu anacheka kwa uangalifu, maana kuna mahali panauma, lakini siku ile hatukuwa na uangalifu.

Tukakaanga mlango umefungwa. Karai kubwa, mafuta mengi, mkaa nimeupunguza. Nilipotia kipande cha kwanza, mafuta hayakupiga kelele. Yalinguruma. Ulikuwa ni ule mngurumo nilioupita mlangoni na begi begani, na safari hii nilikuwa upande wa ndani. Sikuthubutu kugeuza haraka. Saleha ndiye aliyesema, "Sasa." Nikaingiza upawa chini ya kipaja, nikageuza. Kikaja na kanzu yake yote, nundu nundu, chekundu cha kahawia, hakuna hata punje iliyobaki chini.

Saleha alichukua sinia la zamani juu ya kabati, akalifuta, akalishika kwa mikono miwili, akangoja.

Sabiri alifika baada ya alasiri, mtu mkubwa mwenye kitambi na simu mbili, ametoka Dar tangu alfajiri. Alimbusu mama yake mkono, akanigeukia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Wewe ndiye mzee Laurenti? Yule wa kuondoka?"

"Ndiye mimi."

"Nimehadithiwa." Alikuwa na adabu, lakini macho yalishapita kwangu yakafika kwenye chumba cha uani. "Mama, mwalimu anataka kuhamia Jumamosi. Nilimwambia kesho aje aangalie."

"Kaa ule kwanza," akasema Saleha.

Tulikaa mkekani uani, sinia katikati, na Hatibu alishafika na sahani yake kama nilivyomwambia. Sabiri alichukua kipande akiwa anatazama simu. Akauma.

Kililia. Sauti ile ikatoka, kavu, nzima, ikagonga ukuta wa uani ikarudi.

Aliacha kutafuna. Akaweka simu chini, uso kwa mkeka. Akatafuna tena, polepole, akameza, akangoja, nami nikajua anangoja pilipili imwite. Ikamwita. Kisha, mtu mzima wa miaka arobaini na tano, akainuka na kipande mkononi, akaenda mpaka mlango wa jikoni, akaufungua, akachungulia ndani. Alikaa hapo kidogo. Alikuwa na miaka kumi bibi yake alipofariki.

Aliporudi akakaa.

"Alikuwa ananipa shingo," akasema. "Akifungua mlango tu, kabla ya mtu mwingine yeyote. Ananiambia kula upesi mama yako asione. Shingo iko wapi?"

Saleha alikuwa ameshaiweka pembeni, kumbe. Akampa. Sabiri akaila yote, akanyonya mpaka mfupa.

"Ala!" akapiga kelele Hatibu, anapangusa mdomo. "Barabara ya kumi na nne mmesikia huko?"

"Sabiri," akasema Saleha. "Mwalimu wako."

Sabiri akanitazama, safari hii mimi mwenyewe, si chumba.

"Utakuwepo, mzee? Si leo. Mwakani, kuvunja jungu, utakuwepo?"

Ningeweza kuapa. Nimeapa mara nyingi katika maisha yangu, sehemu nyingi.

"Miguu yangu siiamini," nikamwambia. "Lakini chicha nitaianika."

Alicheka kwa pua. Akaigeuza simu, akainuka nayo kwenda barazani, na nikamsikia akisema, "Mwalimu, samahani sana, kile chumba kina mwenyewe."

Watu waliposhiba, Saleha akachukua vipande viwili vya mwisho, akaviweka sahanini, akavipeleka jikoni, akavifunika kwa kawa.

"Hiyo yako ya asubuhi," akasema alipotoka. Kisha akaingia chumba cha uani, akatoka na begi langu, akalifungua palepale mbele ya watu, akamwaga mkekani shati mbili, suruali, wembe na rozari ya marehemu mama yangu. "Hivi vipange kwenye kabati. Begi nalichukua. Nina makopa ya muhogo hayana pa kukaa, panya wanayamaliza."

Kulipopambazuka niliamka saa ileile, honi zinapiga stendi, mkono ukaenda kitandani upande wa begi kwa mazoea, ukapata ukuta. Nikakaa kidogo. Nikavaa ndala, nikavuka uani. Begi langu lilikuwa linaning'inia kwenye msumari jikoni, limejaa makopa, limetuna kama mtu aliyekula vizuri. Nikainua kawa. Nikachukua kipande kimoja, cha baridi, nikauma.

Hakikulia kama jana. Lakini kililia.

"Laurenti?" Saleha aliita kutoka chumbani kwake. "Ni weye huyo?"

"Ni mimi."

"Nimesikia," akasema.